Jinsi ya Kumtambua Sisimizi wa Kitropiki Asiyejulikana Sana

Rangi iache mpaka mwisho. Mfanyakazi aliyetoka karibuni kwenye hatua ya bundo huwa manjano hafifu hata kama spishi yake ni nyeusi tii. Anza na kiuno, vipapasio na vipimo.

1. Kukusanya. Chekecha majani yaliyooza ya mita mraba moja, kisha yatundike kwenye mfuko wa Winkler kwa saa 48. Yakikauka, sisimizi hushuka wenyewe na kutumbukia kwenye chupa ya ethanoli. Ukipata kiota, chukua wafanyakazi wa kila ukubwa: askari wa jenasi ya Pheidole ana kichwa kikubwa mno, na akiwa peke yake utamdhania spishi nyingine. Baadhi wahifadhi kwenye ethanoli ya asilimia 95 kwa ajili ya DNA, wengine asilimia 70 hadi 80, maana iliyo kali huwakakamaza na miguu hukatika ukiigusa. Lebo iandikwe kwa penseli na ikae ndani ya chupa. Wino wa kawaida huyeyuka.

2. Kubandika. Gundisha kwenye ncha ya pembetatu ya karatasi ngumu, tone likae katikati ya miguu ya pili na ya tatu. Gundi ikifika kiunoni, umeharibu sehemu unayoihitaji kuliko zote.

3. Nusufamilia (kundi kubwa lililo chini ya familia ya sisimizi). Hesabu vipingili vya kiuno. Vikiwa viwili, fikiria kwanza Myrmicinae. Kikiwa kimoja, kagua ncha ya tumbo kwa hadubini: kitundu cha duara, mara nyingi chenye nywele pembeni, ni Formicinae, ufa mwembamba ni Dolichoderinae, mwiba, pamoja na tumbo lililobanwa baada ya kipingili cha kwanza, kwa kawaida ni Ponerinae.

4. Jenasi. Hesabu vipingili vya kipapasio ukianzia kile kirefu cha mwanzo, na uhesabu vya pande zote mbili kwa sababu kimoja huenda kimevunjika. Strumigenys ana 4 hadi 6 tu, na kiunoni ana vinyama kama sifongo. Crematogaster kiuno chake hushikana na tumbo kwa juu, si kwa mbele.

5. Vipimo. Pima upana wa kichwa bila macho, urefu wake, na urefu wa kipingili cha kwanza cha kipapasio. Upana ukigawanywa kwa urefu, mara 100, ni kielezo cha kichwa. Hapa ndipo wengi hukosea: kichwa kikiinama kidogo tu, urefu hupungua na kielezo hupanda, spishi “mpya” ikazaliwa mezani. Hakikisha ukingo wa mbele na wa nyuma vinaonekana vyema kwa pamoja. Pima kadhaa wa kiota kimoja kwanza, ujue wanavyotofautiana wao kwa wao.

6. Jina. Linganisha na picha za AntWeb (tovuti ya picha za sisimizi), hasa za vielelezo vya asili, yaani vile vilivyotumika spishi ilipopewa jina, kisha hakiki jina kwenye AntCat (orodha ya mtandaoni ya majina ya sisimizi), kwani spishi nyingi zimeshapewa majina zaidi ya moja. Asipolingana na yeyote, mpe namba, kwa mfano Strumigenys sp. 01. Jina jipya hudai maelezo yaliyochapishwa na kielelezo cha asili kilichotajwa waziwazi, kwa kawaida holotaipu (kielelezo kimoja kinachobeba jina la spishi), pamoja na mkusanyiko kinakohifadhiwa.