Bogenvilia imejaa majani ua hata moja hakuna? Acha kuibembeleza

Juzi kuna mtu kaniuliza mbona bogenvilia yake ina mwaka wa pili saivi, imepanda mpaka juu ya geti, kijani kibichi, miba kama sindano za kushonea magunia, na ua hata la kusingiziwa hakuna. Nikamuuliza unaimwagilia mara ngapi, akanijibu kwa kujisifu kabisa, kila siku asubuhi na jioni, na samadi kila mwezi siachi. Nikacheka sana maana hayo ndo yaliyonikuta mimi.

Mche wangu wa kwanza nilinunua kwa wale wanaopanga miche pembeni ya barabara, ulikuwa na maua ya pinki yamejaa mpaka unaona aibu kupita bila kununua. Nikaupeleka nyuma ya nyumba karibu na karo, chini ya mwembe, nikajiambia hapa pana unyevunyevu na kivuli, utanishukuru. Samadi ndoo nzima. Kulikuwa na mbolea ya urea imebaki kwenye mpunga wa shemeji nayo nikaitia. Aisee ulikua! Miezi kama nane umegusa bati, maua sifuri. Sasa upande wa pili wa uzio kuna bibi jirani, yake imeota katikati ya majabali mawili, unajua tena huku kwetu Bwiru, Mwanza, mawe ndo kiwanja chenyewe, udongo wa pale haujazi hata karai, na tangu nimfahamu sijamuona anaimwagilia. Ikifika mwezi wa nane huoni jani, unaona moto tu umewaka juu ya mawe. Nikamfuata, shikamoo bibi, hii yako unaipa nini? Marahaba mjukuu wangu, siipi kitu. Akaiangalia ya kwangu kwa juu ya uzio akasema, hiyo umeilisha ikashiba, sasa imeshashiba itachanua kwa shida gani?

Na ndo ukweli wenyewe. Huu mmea ukipata maji mengi na mbolea nyingi unajua mambo ni mazuri, unajenga majani na matawi tu, habari ya kuzaa haina haraka nayo. Urea karibu nusu yake ni naitrojeni, asilimia 46, na naitrojeni ni chakula cha majani. Ukiubana kidogo mizizi, ukauacha ukaona kiu, ukaupiga jua, ndo unatoa maua. Kwao ni Amerika Kusini. Msafara wa meli za Mfaransa Louis-Antoine de Bougainville ulipotia nanga Rio de Janeiro mwaka 1767 mtaalamu wao wa mimea Philibert Commerson akauandika, jina likaenda kwa mkubwa wa msafara kama kawaida ya dunia, wakati msaidizi wa Commerson aliyekuwa anahangaika naye maporini alikuwa mwanamke, Jeanne Baret, amejivika nguo za kiume ili aruhusiwe melini. Haya turudi Mwanza.

Kabla ya yote chuma ua moja uliangalie kwa karibu. Yale mapana matatu ya rangi, makavumakavu kama karatasi ya kufungia zawadi, sio maua, ni majani yaliyobadilika, yainue kwenye mwanga utaona mishipa kama ya jani lolote. Ua lenyewe ni kale kamrija kembamba katikati, kanafunguka kwa juu kama kanyota keupe, na kila jani la rangi limebeba kake. Ndo maana bogenvilia inakaa na rangi wiki nyingi wakati waridi limeshapukutika, jani halinyauki haraka kama ua.

Sasa mahali pa kupanda, hapa ndo wengi tunakosea. Jua kamili, masaa sita kushuka chini hapana. Usikadirie, toka nje saa nne, saa sita na saa tisa uone kama pale unapopataka kuna kivuli cha ukuta au cha mti, ukikuta kivuli mara mbili kati ya hizo tatu hamia pengine. Wa kwangu ule wa chini ya mwembe hata ningeufanyia maombi usingetoa kitu.

Udongo uwe unaopitisha maji. Huku mlimani, Bwiru, Isamilo, Capri Point, tuna bahati udongo wetu ni changarawe za mawe yaliyooza, maji hayatuami, na ukiwa na mwanya kati ya mawe mawili usiuone ni tatizo, ile ni chungu Mungu ameshakuchongea. Walio mabondeni kwenye udongo mweusi wa mbuga ule unaonata kwenye viatu, nyie inueni tuta kwanza au pandeni kwenye chombo, maana masika mizizi itaoza huku wewe unaona majani yanakuwa ya njano unadhani ina kiu unaongeza maji. Kitu kingine watu hawasemi, ukipanda kwenye msingi wa ukuta mpya chimba uone mafundi wamefukia nini. Mabaki ya zege na saruji yanaharibu udongo, bogenvilia inapenda udongo wenye uchachu kidogo, ikikuta saruji majani yanakuwa ya njano mishipa imebaki kijani. Toa lile lote, jaza udongo mwingine.

Miche usinunue mingi, nunua mmoja halafu uzalishe, au omba kwa jirani, hii kitu hakuna mtu anakunyima. Chagua tawi lililomaliza kuchanua, unene kama penseli, sio lile laini la kijani la juu na sio kuni. Kata kipande cha sentimita 15 mpaka 20 chenye vifundo vinne au vitano. Chini kata mshazari karibu kabisa na kifundo, juu kata sawa, hiyo pia inakusaidia usije ukapanda kichwa chini miguu juu, usicheke, nimeshafanya. Ondoa majani yote ya chini na ile miba utakayoshikia. Mchanganyiko mi natumia mchanga wa ujenzi uliooshwa nusu, na pumba za mpunga zilizochomwa mpaka zikawa nyeusi nusu, mashine za mpunga mjini pumba zipo nyingi tu. Jaza kiriba, kile kimfuko cha plastiki cha kuoteshea miche, toboa shimo kwa kijiti kwanza, usisukume tawi lenyewe litachubuka, zamisha vifundo viwili, bana udongo kwa vidole. Mwagilia mara moja vizuri, funika na chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyokatwa kitako, weka kivulini.

Halafu vumilia. Hapa ndo panashinda watu. Wiki ya tatu utaona vijani vimetoka utashangilia utataka kuhamisha, usithubutu, vile vijani vinakula akiba iliyokuwa ndani ya tawi, chini bado hakuna mzizi. Na usivute kuangalia! Kila ukivuta unakata vile vinyweleo vilivyoanza. Subiri wiki nane, hata kumi, mpaka uone mizizi inachungulia kwenye matundu ya kiriba. Na panda vipande kumi ukitaka vitatu, zambarau ile ya kawaida inashika kirahisi, ila nyeupe na ya chungwa kwangu zimenisumbua mpaka nikakubali kununua miche.

Kuhamishia shambani nako kuna adabu yake. Mizizi ya bogenvilia ni myembamba na inakatika hovyo, sio kama mpapai unaweza kuung'oa ukautupa kule. Usishike shina ukavuta. Chimba shimo kubwa kidogo kuliko kiriba, changanya udongo na samadi iliyooza, kopo mbili za kilo zinatosha, weka mche na kiriba chake ndani ya shimo, ndipo upasue kiriba pembeni kwa wembe ukitoe polepole huku udongo unarudi. Lile donge la udongo libaki zima. Ukisikia limevunjika ujue umeitia homa, itapukutisha majani yote, usiing'oe, iache mwezi mzima. Kipindi kizuri cha kupanda ni mvua za vuli zikianza, Oktoba Novemba, ishike mizizi kabla ya jua kali. Na izungushie kitu, mbuzi wa mtaani hawaogopi miba ya mche mdogo, wangu wa pili uliliwa siku ya nne nikabaki na kijiti.

Ukipandia kwenye chombo ndoo ya rangi ya lita 20 inatosha kabisa, toboa matundu matano chini kwa msumari wa moto, usiweke kwenye pipa ukidhani unaifanyia hisani. Mizizi ikibanwa ndo maua yanakuja.

Maji sasa. Miezi miwili mitatu ya mwanzo mwagilia kawaida, isikauke kabisa, bado mtoto. Baada ya hapo iliyoko ardhini msimu wa mvua usiiguse. Kiangazi, Juni mpaka Septemba, mara moja kwa wiki mbili inatosha na ikizeeka hata hiyo haihitaji. Ya kwenye ndoo chomeka kidole mpaka kiungo cha pili, ukikuta pamekauka ndo unamwagilia mpaka maji yatoke chini, halafu unaisahau tena. Ukitaka kuilazimisha ichanue kwa shughuli, ngoja majani yaanze kulegea kama masikio ya mbuzi, hapo ndo mpe maji, rudia hivyo kama mara tatu au nne, utaanza kuona ncha zinabadilika rangi. Ila kulegea tu, sio kukauka kabisa, watu wengine wakiambiwa tesa wanaua.

Mbolea, sahau urea na CAN, hizo ni za naitrojeni, chakula cha majani. NPK ile ya 17-17-17, yenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa usawa, kijiko kimoja cha chai kwa ndoo kila baada ya miezi miwili, izungushie pembeni sio kwenye shina, umwagilie. Iliyoko ardhini kwenye udongo wa kawaida mi siipi kitu, namfuata bibi.

Kupogoa watu wanaogopa sana. Bogenvilia inachanua kwenye matawi mapya, kwa hiyo usipokata inabaki miti mikavu mirefu yenye maua kwenye ncha kule juu ambapo anayaona jirani wa ghorofani. Mimi nakata mara moja kwa nguvu mwisho wa masika, mwishoni mwa Mei hivi au Juni mwanzoni, napunguza kama theluthi, ili machipukizi mapya yakutane na kiangazi na kiu, Julai Agosti inalipuka. Baada ya kila awamu ya maua nakata kidogo tu zile ncha zilizomaliza. Chipukizi likifika urefu wa kiganja libane ncha kwa kucha, litagawanyika mawili, maua mara mbili. Vaa glavu nzito na viatu, sio kandambili, mwiba wa bogenvilia uliokauka unapita kwenye kandambili kama inapita kwenye andazi, uliza kisigino changu.

Wadudu haina wengi. Ukiona kama pamba nyeupe kwenye makwapa ya matawi na sisimizi wanapanda na kushuka, hao ni vidung'ata, sisimizi wanawalinda kwa sababu wanakula utamu wanaoutoa. Sabuni ya maji kijiko kimoja cha chakula kwa lita moja, nyunyiza jioni jua likishapoa, pande zote za jani, rudia baada ya wiki. Majani yakiliwa kingo kama yamekatwa na mkasi na mchana humuoni mwizi, rudi usiku na tochi, ni viwavi, watoe kwa mkono.

Na ule wangu wa chini ya mwembe? Nilishindwa kuuhamisha, mizizi ile isingevumilia, nikachukua vipande vyake nikazalisha, mmoja nimeuchomeka kwenye mwanya wa jabali linalotazama ziwani. Mwaka huu umetoa. Matawi ya kupogoa usiyatupe njiani watoto wanapita peku, mi yangu naziba nayo lile tundu la uzio wanalopitia mbuzi.