Somo: Kuchagua hedi ya 4A-GE kwa mbio za barabara za mkonge

Wakubwa shikamooni, wadogo habari zenu. Juzi kijana kaja gerejini kwangu Ngamiani, Tanga, na hedi (kichwa cha injini chenye valvu) ya 4A-GE, injini ya Toyota, kainunua kwa sababu moja tu: njia zake za hewa ni pana. Nimemsihi asiifunge kwanza. Somo hili ni lake, na la wengine wanaojenga Corolla ya mashindano.

Hatua ya 1: Anza na barabara, si na hedi. Huku kwetu tunakimbia kwenye mashamba ya mkonge, vumbi na kona za karibu karibu. Ukitoka konani injini iko mizunguko 3,500 au 4,000 kwa dakika. Njia ikiwa pana mno, hewa inapita polepole na silinda haijai vizuri. Toyota wenyewe kwenye hedi ya njia pana waliweka TVIS, vifuniko vinavyofunga nusu ya njia mizunguko ikiwa chini; baadaye wakatoa hedi ya njia nyembamba. Mimi nilifunga njia pana bila TVIS, na kamshafti (shafti inayofungua valvu) kali juu yake. Nguvu ilikuja baada ya 6,000, nami nishafika kona nyingine. Chukua njia nyembamba.

Hatua ya 2: Kagua unachonunua. Laza rula ya chuma juu ya uso wa hedi, pitisha fila geji (vibamba vyembamba vya chuma vya kupimia mwanya) chini yake. Ikipita ya 0.05 mm, hedi imepinda. Chungulia matundu ya maji. Hedi ni ya aluminiamu, na maji ya visima vyetu vya pwani yenye chumvi huila kweli.

Hatua ya 3: Pima ujazo wa chemba, pale mafuta yanapowakia. Hapa ndipo mafundi wengi wanapokisia, na naomba msikisie. Funga valvu na plagi, paka grisi, funika chemba kwa kipande cha plastiki ngumu kinachopitisha mwanga, chenye tundu dogo. Nunua duka la dawa bomba la sindano la ml 20, jaza mafuta ya taa ukihesabu. Ongeza nafasi ya gasketi inayokaa kati ya hedi na bloku: yenye tundu la mm 82 na unene wa mm 1.2 ni kama ml 6. Ongeza bonde la pistoni na nafasi inayobaki juu yake ikifika mwisho wa kupanda. Pistoni yenye kilima, punguza.

Silinda moja ya 4A-GE (upana mm 81, mwendo wa pistoni mm 77) inafagia ml 397. Jumla yako ikiwa 42.7, gawanya 397 kwa hiyo, ongeza 1: kompresheni, yaani hewa inabanwa mara ngapi, ni 10.3. Ikiwa 40, ni 10.9. Ukishajua namba hii ndipo uamue kusaga hedi au kuiacha.

Hatua ya 4: Bandika udongo laini wa kuchezea watoto juu ya pistoni, funga hedi na taimingi belti, zungusha kwa mkono mara mbili. Fungua, kata udongo, pima unene wake pale valvu zilipoubonyeza: usipungue mm 2 upande wa kuingiza, 2.5 upande wa ekzosi. Chini ya hapo usiwashe.

Gasketi za manifoldi zilingane na matundu, basi.

Maswali ya wanachama

Fundi, nina bloku ya 7A-FE, injini nyingine ya Toyota. Naweza kuweka hedi ya 4A-GE?
Inakaa, mdogo wangu. Ila pistoni ya 7A ina mwendo wa mm 85.5, silinda inafagia ml 441. Juu ikibaki 42.7, kompresheni inaruka hadi 11.3. Tena valvu za 4A-GE zimelala zaidi kuliko za 7A-FE, kwa hiyo mabonde ya pistoni hayakuchongwa kwa ajili yake. Hatua ya 4 kwako ni lazima.

Kaka, injini yangu ilijengwa Arusha, haikuwahi kugonga (ule mlio wa mafuta kuwaka vibaya ndani ya silinda). Huku Tanga inagonga, kwa nini?
Arusha ni kama mita 1,400 juu ya bahari, hewa ni nyepesi. Hapa silinda inajaa zaidi, na joto letu juu yake. Rudisha nyuma taimingi ya cheche kidogo kidogo, sikiliza. Ikiendelea kugonga, pima ujazo kama nilivyoeleza, kisha weka gasketi nene zaidi.