Jinsi ya kupiga msuli mpaka vitu vikae kichwani

Wengi tunapiga msuli kwa kusoma desa, yaani notisi za somo, kurudia, kurudia tena, na kadri tunavyorudia tunaona tumeshajua kila kitu, halafu kwenye pepa unakumbuka hadi jibu lilikuwa upande gani wa ukurasa ila lenyewe halitoki. Saikolojia ya utambuzi, ile inayochunguza akili inavyopokea taarifa, inavyozitunza na kuzitoa, inaeleza kwa nini: kulitambua jambo ukiliona ni kazi moja, kulitoa kichwani bila kuliona ni kazi nyingine kabisa, na mtihani unataka hiyo ya pili.

Kwa hiyo soma mada moja fupi, mara moja, kwa kuelewa. Funga desa. Chukua karatasi tupu uandike kila unachokumbuka, hata ikitoka mistari 3 tu usichungulie, kule kuhangaika kutafuta ndo kunakojenga kumbukumbu. Ukikwama kabisa fungua, chukua peni ya rangi nyingine, jaza ulichoacha, sahihisha ulichokosea. Kesho unaanza na yale ya rangi, sio desa zima.

Mwaka 2006 wanasaikolojia Roediger na Karpicke wa Marekani waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma, wengine wakasoma tena, wengine wakaandika walichokumbuka bila hata kuonyeshwa majibu. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma waliongoza, walikumbuka asilimia 81 ya kifungu, wenzao 75. Baada ya wiki meza ikapinduka, walioandika walibaki na 56, wenzao 42. Ndo maana msuli wa usiku wa kuamkia pepa unadanganya sana, unaona umeiva kumbe mwezi ujao hamna kitu, na kozi inayofuata inajengwa juu ya hiyo hiyo.

Usirudie yote siku moja. Mjerumani Ebbinghaus, aliyejipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana na kutoa matokeo 1885, alikuta tunasahau kwa kasi mwanzoni kisha kasi inapungua. Jipime kesho yake, tena baada ya siku 3, tena baada ya wiki, inatosha kuanzia.

Halafu usijaze kichwa vitu vilivyotawanyika. Mwanasaikolojia George Miller alisema mwaka 1956 kwamba kwa wakati mmoja tunashika vitu kama 7, watafiti wa baadaye wanasema kama 4 tu. Ila kitu kimoja kinaweza kuwa kikubwa: 196119631964 ni tarakimu 12 zinazochosha, ukizikata ni uhuru wa Tanganyika, uhuru wa Kenya na Muungano, vitu vitatu basi. Kata hivyo hivyo hatua za usanisinuru au vifungu vya sheria, na mkiwa kimbwetani, pale mnaposoma kikundi, mmoja ashike desa aulize, wengine mjibu desa zenu zikiwa kwenye begi.