Nyumba ya kupangisha Mtwara na Lindi: nunua kodi inayolipwa leo

Dalali akikutumia video ya kiwanja cha Mtwara au Lindi, sikiliza anataja gesi mara ngapi. Bomba la gesi la kwenda Dar es Salaam lilikamilika 2015, mwaka uleule kilipofunguliwa kiwanda cha saruji cha Dangote. Katika miaka ya kuelekea hapo bei za viwanja zilipaa na watu wakanunua kwa kukimbizana. Waliojenga wakiwasubiri wageni wa kampuni za gesi, wengi wamesubiri sana. Kule Likong'o, Lindi, makubaliano ya awali ya mtambo wa kusindika gesi yalitiwa saini 2022, na miaka imepita pasipo mtambo kujengwa. Ukijengwa, vizuri, itakuwa nyongeza kwako. Usiilipie nyongeza hiyo sasa.

Ndugu yangu uliyeko ughaibuni na unaanza, uliza kwanza: nani atalipa kodi mwezi ujao? Mtwara mjini wapo watumishi wa hospitali ya rufaa ya kanda kule Mitengo, wanachuo wa Stella Maris, walimu, na watu wa bandari, ambayo miaka ya karibuni imechangamka kwa korosho na makaa ya mawe ya Ruvuma. Hawa hawatafuti jumba la ghorofa. Wanatafuta chumba na sebule chenye choo ndani, luku yake mwenyewe, maji ya uhakika na njia ya bodaboda isiyojaa tope masika.

Mtume mtu unayemwamini aulize kodi kwa wapangaji wenyewe, nyumba kumi za mtaa huohuo, bila dalali kuwepo. Kisha piga hesabu. Tuseme, kwa mfano tu, nyumba yenye sehemu tatu za kupangisha inauzwa shilingi milioni 45, na ukarabati pamoja na gharama za uhamisho vinaifikisha 50. Kila sehemu inapangishwa 120,000 kwa mwezi, yaani zote tatu milioni 4.32 kwa mwaka. Toa miezi miwili ya kukaa tupu, inabaki 3.6. Toa kama milioni 1 ya kodi ya serikali, matengenezo na msimamizi. (Kodi ya zuio, ile inayokatwa kwenye pango kabla halijakufikia, ni asilimia 10 kwa mkazi, asiye mkazi kikodi hukatwa zaidi.) Umebaki na milioni 2.6, sawa na asilimia 5.2 ya fedha uliyoweka. Hatifungani za muda mrefu za serikali, yaani kuikopesha serikali kwa riba, zimekuwa zikilipa zaidi ya asilimia 10, tena hazivuji paa. Kwa bei hiyo mimi ningeiacha, au ningerudi mezani na milioni 30. Dalali atakasirika. Mwache.

Ukivutwa na fremu za maduka Masasi, Newala au Tandahimba, chukua tahadhari moja zaidi. Mnada wa korosho huanza kama Oktoba, na fedha ikiingia kila fremu ina mtu. Mpangaji anayelipa bila kusumbua Desemba anaweza kukwama Juni. Kwa hiyo usikubali hesabu ya msimu. Uliza ni fremu ngapi zilizokuwa wazi mwezi wa sita.

Sasa karatasi, maana hapa ndipo walio mbali wanapoumizwa. Kama umeshachukua uraia wa nchi nyingine, muone wakili kabla ya kutuma hata shilingi, kwa sababu Sheria ya Ardhi ya 1999 inambana asiye raia, na umiliki kwa jina la binamu ni ugomvi unaosubiri siku yake. Kama ni raia, anza na eneo lililopimwa na lenye hati. Wakili wako, asiwe wa muuzaji, afanye upekuzi kwa Msajili wa Hati aone jina la mmiliki, mkopo wa benki au zuio la mahakama. Nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi. Ya marehemu huuzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, hata kama shangazi na wajomba wote wamekubali. Shamba la kijiji lina utaratibu wake wa halmashauri ya kijiji. Muhuri wa mwenyekiti pekee hautoshi.

Kiwanja cha ufukweni, Mikindani au Lindi, kinavutia mno kwenye picha. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka majini, kwa hiyo pima kwanza ardhi inayobaki ya kujengea.

Mpima ardhi aliyesajiliwa aende na ramani, akague bikoni (alama za mipaka) moja moja, na azungumze na majirani wa pande zote nne. Malipo yapite benki, kwa awamu, kwenda kwenye akaunti yenye jina lilelile lililo kwenye hati. Awamu ya mwisho ibaki mkononi mwako mpaka uhamisho usajiliwe.