Laki Mbili za Karafuu: Vifaa vya Useremala vya Kuanzia

Msimu wa karafuu ulipokwisha, mpwa wangu alinijia karakana hapa Wete, Pemba, na laki mbili mfukoni na picha kwenye simu. Picha ya sanduku jekundu, ndani vipande 120 vimepangwa vinang'ara. "Mjomba, nichukue hili nianze kazi." Nikamwambia akae kwanza anywe chai, maana sanduku kama lile nilishalinunua mimi, Unguja, enzi za ujana. Duka silitaji. Bisbisi zilipinda kwa skrubu za kawaida tu. Patasi ya nusu inchi ilijikunja mdomo siku ya pili kwenye mvule. Katika vipande vyote kilichosalia hadi leo ni sanduku lenyewe, na mke wangu anatilia bizari.

Tulipomaliza chai nikampa swali moja la kuulizia kila kifaa kabla hajauliza bei: hiki kikiwa butu, nitakinoa mwenyewe? Kama jibu ni hapana, basi si chako. Umekikodi, na siku ya kukirudisha iko karibu.

Tuanze na msumeno, kwa sababu hapo ndipo wanaoanza wanapoingia mkenge. Misumeno mingi mipya ya madukani ina meno yaliyochomwa ncha kwa umeme yawe magumu. Utaitambua: ncha za meno ni nyeusi au zina ubuluu kidogo, kama zimepita motoni. Hukata vizuri sana mwanzo, hilo sitalikana. Lakini tupa haiyashiki meno yale, inateleza juu kama kucha kwenye kigae, na siku yakilala msumeno ndio umekwisha. Tafuta wenye meno meupe mpaka nchani, uchukue na tupa ndogo ya pembe tatu. Kwa anayeanza, meno manane mpaka kumi kwa inchi yanamtosha. Ukiwa dukani, ukunje msumeno taratibu kama upinde kisha uuachie. Funga jicho moja, uangalie mgongoni toka mpini mpaka ncha. Ukirudi umenyooka, sema bei. Ukibaki na tumbo, mrudishie mwenyewe.

Nyundo usiisumbukie akili. Chukua yenye kucha za kung'olea misumari, mpini usiocheza. Ya kupigia patasi usinunue kabisa. Chonga mwenyewe nyundo ya mti kwa kipande cha mkwaju. Itakuwa kazi yako ya kwanza, na ikitoka na sura mbaya haidhuru kitu.

Patasi sasa. Seti ya kumi na mbili ya nini? Mwaka mzima nimewahi kujihesabu: nusu inchi, inchi moja, na robo inchi mara chache. Mlango, kiti, kitanda, yote ni matundu na ndimi za mbao zinazoingia humo, na nusu inchi ndiyo inayobeba mzigo. Nunua mbili, nusu na inchi, pesa ya zile kumi iingie kwenye chuma kizuri. Patasi za mtumba kutoka Uingereza zinazoshuka na makontena mara nyingi zinazishinda mpya, hata mpini ukiwa umepasuka, maana mpini unachongwa kwa saa moja. Hata patasi ya mhunzi iliyofuliwa kwa springi ya gari ninayo, sijaona sababu ya kuitupa. Ila kutu iangalie sana upande wa bapa, ule mgongo usio na mteremko, maana mteremko ni upande wa pili uliochongwa mshazari kufanya makali. Kutu ya juu juu inatoka. Ikiwa imechimba vishimo karibu na mdomo, iache, kwa sababu makali ni pale nyuso mbili zinapokutana, na uso wenye shimo haukutani na kitu.

Cha kunolea je? Mpwa wangu alikuwa ameona kwenye simu mawe ya bei ya mbuzi. Mimi natumia kioo. Nenda kwa fundi wa madirisha umwombe kipande kinene kilichobaki, kisha pita duka la vipuri vya magari ununue msasa wa maji, ule wanaotumia wapiga rangi: namba 400, 1000 na 2000. Rowesha kioo, laza msasa, nao utajishika wenyewe. Anza na mgongo. Ulaze bapa kabisa, usugue mpaka eneo la upana wa kidole gumba karibu na mdomo ling'are lote bila doa. Kazi hii inachosha, na ni ya mara moja tu katika maisha ya patasi. Halafu geukia mteremko. Digrii 30 utazipata bila kipimo: urefu wa mteremko uwe mara mbili ya unene wa chuma. Vuta na sukuma kwa 400 mpaka kidole, kikipita kwa upande wa mgongo, kikute ukingo mdogo unaokwaruza. Huo ukingo ndio unaokuambia umefika. Nenda 1000, kisha 2000, malizia kwa kulaza mgongo mara mbili tatu ukingo uondoke.

Jaribu kwenye kichwa cha mbao laini, pale nyuzi zinapokatwa, si ubavuni. Patasi kali hukata utando mwembamba na kuacha uso unaoteleza. Butu huponda na kuacha unga. Wengine hujaribu kwa kunyoa malaika ya mkono. Mpwa wangu alinyoa mkono wote wa kushoto siku hiyo, akaenda nyumbani mama yake akamuuliza ana ugonjwa gani.

Randa fuata njia ileile. Ukiikuta Stanley namba 4 kuukuu, yenye kisu cha inchi mbili, usipige kelele mbele ya muuzaji. Igeuze chini uangalie mdomo ambapo kisu kinatokea, kwa kuwa mwili wake ni chuma cha kusubu na ikianguka sakafuni hupasuka hapo. Ufa wowote, hata mwembamba kama unywele, achana nayo. Kutu, mpini uliovunjika, rangi iliyobanduka, hayo yote ni ya kupunguzia bei.

Kwa kupimia unahitaji futi ya kuvuta na guniya, ile ya kupimia pembe mraba, basi. Ule ulimi wa chuma mwanzoni mwa futi unacheza kidogo, na vijana wengi wanaugonga nyundo utulie. Usiuguse! Umeachiwa ucheze kiasi cha unene wake, ili kipimo kiwe kilekile ukiunasa nje ya mbao au ukiusukuma ndani ya pembe. Guniya usiiamini kwa sura. Nenda dukani na kipande cha mbao chenye ubavu ulionyooka na penseli iliyochongwa. Egemeza guniya ubavuni, piga mstari, igeuze upande wa pili, piga mwingine palepale. Mistari ikilaliana, ni ya haki. Ikiachana kama mkasi, ni ya uongo, na kila mlango utakaotengeneza utasema uongo pia. Mwenye duka atakuangalia kwa jicho la pembeni. Mwache.

Mashine je? Mpwa wangu aliuliza hilo mara tatu. Mimi sizichukii, ninayo randa ya umeme na naipenda. Lakini ya kwanza niliyonunua ilikuwa ya bei rahisi na umeme wa mtaani ulikuwa dhaifu. Ilinguruma kama paka mwenye njaa, ikatoa moshi, ikafa na mbao ikiwa nusu. Na nilikuwepo Unguja wakati wa giza lile la Disemba 2009 hadi Machi 2010, waya wa chini ya bahari ulipoharibika kisiwa kizima kikakaa miezi mitatu bila umeme wa gridi. Wenye mashine tupu wakakaa barazani wakicheza bao, labda wawe na jenereta. Sisi wenye randa za mkono tulipiga kazi mchana kutwa, mpaka tukikataa oda. Ukitaka mashine moja, iwe drili ya betri, na ingoje msimu ujao. Keekee ya mkono, ya kutobolea bila umeme, itakufikisha. Nenda Nungwi uone matundu wanayotoboa mafundi wa majahazi kwa keekee ya uta, ile inayozungushwa kwa kamba ya upinde.

Kitu kimoja nakataza kabisa, bila mjadala: grenda iliyofungwa diski ya meno ya kukatia mbao. Ile ndogo ya kawaida inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika, na jino likinasa kwenye kifundo mashine inaruka kumrudia aliyeishika. Jirani yangu mmoja wa kazi ana vidole vinane na nusu.

Halafu bahari. Hapa kwetu kutu haifungi Ramadhani. Chuma ulichokiacha usiku kikiwa na alama za vidole asubuhi kina madoa mekundu. Tia kitambaa kwenye kopo, kinyweshe mafuta ya cherehani, ufute kila kifaa kabla ya kufunga mlango. Mafuta ya nazi yaache jikoni; yanavunda, yanaganda, na yanashika vumbi la mbao kama gundi.

Hesabu tukaifanya pamoja juu ya ubao: msumeno na tupa, patasi mbili, randa kuukuu, futi, guniya, nyundo, msasa. Laki mbili ikabakisha chenji. Nikamwambia asiguse mnazi kwa sasa, maana unakula makali. Wala mvule, ambao unaweza kuficha jiwe ndani, na vumbi lake lilimpigisha mjomba wake chafya wiki nzima. Akanunua mbao mbili za mwembe, za inchi moja kwa nane, nikampa kipande cha mkwaju kilichokuwa nyuma ya mlango akaanze na nyundo yake.