Rafiki ameharibu pikipiki uliyomwazima: jinsi ya kudai fidia katika Mahakama ya Madai Madogo, Kenya

Rafiki akirudisha pikipiki akiisukuma kwa mkono, taa ya mbele imevunjika na usukani umepinda, wengi wetu hufanya mojawapo ya mambo mawili. Kuna anayeona haya, akanyamaza na kujilipia fundi. Kuna anayegombana naye mtaani mpaka urafiki ukafa na pesa zisipatikane. Kenya ina njia nyingine isiyokulazimisha kuwa na wakili: Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2016 na kuanza kazi Milimani, Nairobi, mwaka 2021. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60 tangu iwasilishwe. Uharibifu wa mali ni miongoni mwa mambo iliyopewa mamlaka ya kuamua.

Kabla ya kuandika chochote, jiulize kwa haki kama ni yeye anayepaswa kulipa. Kanuni ya sheria ya kawaida (common law, yaani sheria itokanayo na maamuzi ya majaji) inayotumika Kenya ni kwamba aliyeazimwa kitu bure, kwa faida yake mwenyewe, anadaiwa uangalifu mkubwa, na kikirudi kimeharibika ni juu yake kueleza kwamba hakuzembea. Kanuni hii ni ya zamani sana. Mwaka 1703, katika kesi ya Coggs v Bernard huko Uingereza, Jaji Mkuu Holt alitoa mfano wa mtu aliyeazimwa farasi wa kwenda upande wa magharibi, naye akaelekea kaskazini: farasi akipata ajali katika safari hiyo ya kaskazini, gharama ni ya huyo aliyeazimwa. Weka pikipiki mahali pa farasi. Ulimpa aende sokoni na kurudi, yeye akabeba abiria wa kulipa mpaka usiku, au akampa binamu yake ajifunzie. Hapo hoja yako ina nguvu hata kama aliyeanguka nayo si yeye.

Lakini kuna mahali ambapo hadaiwi. Uchakavu wa kawaida ni wako: tairi lililokwisha au mnyororo uliolegea kwa umri haumhusu. Kama ulijua breki hazishiki na hukumwambia, usitegemee kulipwa chote, kwa kuwa hakimu anaweza kugawa lawama na fidia ikapungua kwa kiasi hicho. Na kama matatu ndiyo iliyomgonga akiwa upande wake wa barabara, anayefaa kudaiwa ni dereva na mwenye matatu. Ukweli ni kwamba wenye pikipiki wengi humkimbilia rafiki kwa sababu ndiye wanayemjua, na mwenye kosa akaenda zake bila kuulizwa.

Ikiwa ulimtuma wewe, kwa shughuli yako, mambo hubadilika pia, maana alikuwa akifanya kazi yako. Na kama ulimpa ukijua hana leseni ya daraja la pikipiki, wewe mwenyewe umevunja sheria ya trafiki, na jambo hilo litaulizwa.

Hatua ya kwanza ni polisi. Ajali yenye madhara huripotiwa ndani ya saa 24. Chukua namba ya OB (kitabu cha matukio cha kituo cha polisi) siku hiyohiyo, kisha ufuatilie abstrakti ya polisi, yaani muhtasari rasmi wa ajali, kwa sababu bila hiyo kila upande utasimulia ajali yake. Piga picha kabla fundi hajagusa kitu: pikipiki nzima, namba ya usajili ionekane, halafu kila sehemu iliyoumia kwa karibu. Angalia pia bima. Bima ya lazima, ile ya mtu wa tatu, haitengenezi pikipiki yako. Ukiwa na bima kubwa (comprehensive), iarifu kampuni ya bima mapema na usome masharti kuhusu nani anaruhusiwa kuendesha.

Hatua ya pili ni gharama, na hapa ndipo kesi nyingi huanguka. Mahakama za Kenya zimesema mara nyingi kwamba hasara ya pesa lazima itajwe kwa kiasi chake na ithibitishwe bila kubahatisha. “Fundi alisema kama elfu kumi na tano” haitoshi. Mwombe fundi makisio yaliyoandikwa, kila kipuri kwa mstari wake: rimu ya mbele imepinda, shokapu ya kulia inavuja oili, leva ya klachi imekatika, na ufundi. Yawe na tarehe, sahihi na simu yake. Ukishatengeneza, weka risiti za vipuri na ujumbe wa M-Pesa wa malipo ya fundi. Kama pikipiki ni ya kazi na unadai mapato uliyokosa, leta rekodi ya mapato ya wiki za nyuma. Usichanganye humo tairi jipya ulilokuwa ukitaka kununua tangu zamani, kwani ukigundulika umedanganya katika kimoja utatiliwa shaka katika vyote.

Hatua ya tatu, barua ya madai. Iandike kwa heshima, kwa lugha anayoielewa, kwa mfano hivi:

“Ndugu yangu, tarehe 4 nilikuazima pikipiki yangu uende sokoni na kurudi jioni. Ilirudi imeharibika kama picha zinavyoonyesha. Matengenezo ni shilingi 14,300 kwa makisio niliyoambatisha. Naomba ulipe ndani ya siku 14, au tukubaliane kwa maandishi namna ya kulipa kidogokidogo. Nisipopata jibu nitawasilisha madai mahakamani.”

Itume kwa njia inayoacha ushahidi. WhatsApp inafaa, na usifute mazungumzo. Binafsi ningekaa naye kwanza mbele ya mzee wa mtaa au chifu. Mkikubaliana, andikeni kiasi, tarehe za malipo, na sahihi za mashahidi. Karatasi hiyo ina thamani hata akikiuka baadaye.

Asipojibu, wasilisha madai. Jaza fomu ya taarifa ya madai kupitia mfumo wa Mahakama wa mtandaoni; ukishindwa, nenda masjala ya Mahakama ya Madai Madogo inayohudumia eneo hilo uulize msaada. Eleza nani, lini, wapi, ulimpa kwa masharti gani, nini kiliharibika, unadai kiasi gani. Ambatisha kitambulisho, kitabu cha umiliki (logbook), abstrakti, picha, risiti, barua yako na maelezo ya mashahidi. Ikiwa kitabu bado kina jina la aliyekuuzia, leta mkataba wa mauzo, kwa kuwa sheria humchukulia aliyesajiliwa kuwa ndiye mwenyewe mpaka ithibitishwe vingine. Lipa ada, kisha hakikisha mdaiwa amefikishiwa hati na uthibitisho wake umewekwa kwenye faili.

Siku ya kusikilizwa, fika mapema na nakala halisi. Mahakama hii haifungwi na kanuni kali za ushahidi, kwa hiyo eleza kwa mfuatano, jibu unachoulizwa, na usimtukane mwenzako. Mnaweza kupatana hata hapo, na mapatano yakaandikwa kuwa amri. Asiyeridhika na hukumu hukata rufaa Mahakama Kuu, kwa hoja za kisheria tu.

Usikawie sana: madai ya uzembe yana kikomo cha miaka 3, na ya mkataba miaka 6. Ukishinda na asilipe, unaomba hukumu itekelezwe, ikiwemo kukamatiwa mali na madalali wa mahakama. Kabla ya kufika huko, mpe nafasi ya kuomba kulipa kwa awamu. Shilingi 2,000 kila mwezi zinazoingia kweli ni bora kuliko kumfukuzia kochi na redio ambazo bei yake haitafika gharama ya dalali.