Kucha za chui, kila kidole na lake
Shosti wa Dodoma, kabla hujafungua chupa ya jeli (rangi ya kucha inayokaushwa kwa taa yake maalumu), funga dirisha. Vumbi letu la kiangazi likitua kwenye rangi mbichi, hakuna cha kulificha.

Madoa ya chui ni rahisi: dondoshea matone ya kahawia yasiyolingana, kausha kwenye taa sekunde 60, kisha kwa ncha ya kijiti cha meno zungushia nyeusi vipande viwili vitatu, kama herufi C iliyokatika. Usifunge duara, utapata macho ya bundi (mimi niliyapata kumi). Chui mpe gumba na kidole cha pete, cha kati pundamilia, vilivyobaki kahawia tupu. Jeli ikigusa ngozi, ifute kabla ya kuingiza mkono kwenye taa, la sivyo itabanduka mapema.